Kichwa Hakingoji Muhuri

Sawa mama, alikumwagia supu mbele ya wateja, hilo sikatai. Nilikuwepo. Nilishika sufuria upande mmoja nikavuta, yeye akashika upande wa pili. Lakini unaposema alifanya vile kwa roho mbaya tu, hapo nakataa, na kwa vile ukiwa jikoni huniachi nimalize hata sentensi moja, namalizia hapa kwenye daftari. Mtu mwenye roho mbaya hanywi kwanza bakuli zima ndipo akakumbuka kuwa na roho mbaya. Yeye ile supu aliinywa. Hilo unaliruka kila mara unapoisimulia.

Namwita Mkaguzi kwa sababu Garsen nzima inamwita hivyo. Alikuwa mkaguzi wa nyama pale machinjioni. Kazi amestaafu, jina halijastaafu. Kwao ni wapi, sijui, na yeye ukimuuliza anakwambia, "Mimi wa machinjioni," basi, mazungumzo yameisha.

Alikuwa haamini kitu. Akija kibandani kwetu kunywa supu ya kichwa, kabla hajakaa analichukua bakuli, analinusa, analigeuza chini juu. Mama alikuwa anamwambia, "Mkaguzi, hata hapa unakagua?"

"Wewe nakuamini, Bi Supu. Bakuli ndilo silijui."

Hakuamini mizani ya duka lolote. Hakuamini mtu anayecheka sana asubuhi. Mfugaji akimwambia mnyama wangu hana neno, ndipo anainama kumtazama mnyama vizuri zaidi. "Mnyama hana mdomo wa kudanganya," alikuwa akisema. "Mwenye mnyama anao." Kwake yeye nusu ya kazi ilikuwa kwenye miguu. Anataka amwone mnyama akiwa bado hai, anavyoingia getini, anavyosimama, anavyogeuza shingo akipigiwa mluzi. Muhuri ni wa mwisho kabisa. Wachinjaji walikuwa wanamwita Bwana Harusi, eti anamzungukia mbuzi kama anataka kumposa. Yeye anajibu, "Nikimposa nyinyi mtamchinja," halafu anaendelea kuzunguka.

Na mtu huyohuyo mlango wa nyumba yake haukuwa na kufuli. Nilimuuliza, maana mimi kitu kisichoingia akilini siwezi kukiacha. Akasema, "Mwizi namjua anataka nini. Nyama ndiyo sijui inataka nini." Koti lake jeupe lilikuwa chafu kuliko la mchinjaji yeyote. Aliwasomea watu hotuba za kunawa mikono akiwa na wino wa muhuri mpaka kwenye masikio.

Wakati wa kiangazi alifanya jambo lililowafanya watu wamwogope. Alikuwa anatembea mbugani na gunia, anaokota mifupa. Mifupa mikavu ya ng'ombe waliokufa njaa, anaijaza guniani, anaenda kuichoma. Sasa mtu mzima, mfanyakazi wa serikali, anatembea peke yake juani akiokota mifupa, unategemea watu waseme nini? Walisema. Hata mimi nilisema. Nilikuwa darasa la sita, nikawa nikimwona na gunia navuka barabara.

Kumbe ukikaa na wafugaji utasikia wanachokijua wote: ng'ombe akikosa chumvi na madini kwenye majani makavu, anatafuna mifupa. Anasimama na mfupa mdomoni kama mzee na mswaki. Mkaguzi alikuwa hataki ng'ombe ale ng'ombe mwenzake, hata kama ni mfupa wa mwaka jana. Mbona hakuwaambia watu hivyo? Nilimuuliza hilo pia. "Niliwaambia. Wakasema mchawi ana maneno matamu."

Sasa kosa lake. Lazima niliandike, maana sitaki kumfanya malaika.

Pale machinjioni kulikuwa na desturi. Kichwa ni cha mchinjaji. Ndiyo posho yake juu ya ujira, tangu kabla Mkaguzi hajaletwa. Kisu kikishapita shingoni, kichwa kinawekwa kando, kinabebwa, kinauzwa kwa watu wa supu kama mama yangu, wakati mwili bado unangojea kukaguliwa. Wana msemo wao: kichwa hakingoji muhuri. Sheria inasema kila kitu kikae hapo mpaka Mkaguzi amalize, kichwa hasa, maana kuna tezi za kupasuliwa na ulimi wa kutazamwa. Mkaguzi aliijua sheria kuliko wote. Lakini kichwa kikipita mlangoni, anainama kufunga kamba ya kiatu. Miaka yote. Mtu asiyeamini bakuli alikuwa anafunga kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua kubwa. Mkaguzi alikuwa amekwenda Hola kwa shughuli za ofisi, maji yakapanda barabarani, akachelewa kurudi. Wachinjaji walikuwa na ngamia jike, mzee, na mteja anapiga simu. Hawakungoja, wakachinja, mwili ndio ukabaki kungoja muhuri. Mapambazuko kichwa kikaja kwetu, kikakatwa na shoka, kikaingia kwenye sufuria kubwa na ubongo wake. Mimi ndiye niliyewasha moto. Kukaribia adhuhuri Mkaguzi akatokea, suruali imelowa mpaka mapajani, anatetemeka kwa baridi, akasema, "Bi Supu, nipe chochote cha moto, nitakufa." Akalinusa bakuli, akaligeuza, akanywa lote, akaomba la pili.

Kisha akaenda kazini. Kule akamkuta mwenye ngamia anangoja hela yake. Akamuuliza kama anavyowauliza wote, mnyama alikuwaje? Yule mzee, kwa kuwa mnyama ameshakufa na hakuna cha kuficha tena, akamweleza ukweli. Ngamia alikuwa amebadilika kwa miezi. Anatetemeka. Anashtuka akiona kivuli chake. Alikuwa mpole, akaanza kuuma. Anakanyaga kama anadhani ardhi iko chini zaidi ya ilipo, na miguu ya nyuma inamwangusha.

Mkaguzi alirudi kibandani mbio. Mbio, na umri ule. Hakusalimu. Akashika sufuria, mimi nikashika, tukavutana, ikamwagika. Mama akapiga kelele iliyosikika mpaka stendi.

"Nani amekunywa?" akauliza.

Wateja wakatazamana. Mama akamnyooshea mwiko. "Wewe! Wewe ndiye umekunywa bakuli mbili!"

Akainama. Akaanza kuokota mifupa ya kichwa kutoka kwenye tope, mmoja mmoja, mbele ya watu. Akachukua na sufuria. Akachukua na shoka. Akamchoma yule ngamia mzima shimoni nyuma ya machinjio, kuni na makaa, mchana ule wote na siku ya pili, akakaa hapo mwenyewe asije mtu akanyofoa. Kipande cha ubongo alichokuta kimebaki kwenye fuvu alikitia kwenye chupa, chupa ndani ya barafu, kipelekwe Hola na mbele zaidi kupimwa. Barabara ilikuwa imekatika. Siku ya tatu barafu ilikuwa maji na kile kipande kilikuwa uvundo tu. Kwa hiyo hatukujua. Hatujui mpaka leo. Yeye mwenyewe alisema inaweza kuwa kichaa cha mbwa, inaweza kuwa malale ya ngamia, inaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Mama hakumsamehe, na mimi wiki hiyo nilimfuata machinjioni na hasira zangu zote. Nilikuwa fomu thrii, nimesoma biolojia, nikajiona nina silaha.

"Mama amechemsha kwa saa sita," nikamwambia. "Hakuna kidudu kinachostahimili hivyo. Kipindupindu chenyewe kinakufa maji yakichemka tu."

Hiyo ndiyo elimu yetu hapa. Mafuriko yakija kipindupindu kinafuata nyuma, tunajua la kufanya: chemsha maji, mwaga dawa ya Jik, tia chokaa mlangoni. Kila ugonjwa kwetu ni kidudu, na kila kidudu kina moto wake.

"Nitajie dalili za kitu hai," akasema.

Nikamtajia kama kasuku. Kinakula, kinapumua, kinakua, kinazaa, kinajongea, kinahisi, kinatoa taka.

"Kuna kitu hakifanyi hata kimoja cha hivyo, na bado kinazidi kuwa kingi. Kiko hai?"

"Hicho ni virusi."

"Virusi ana maandishi yake ndani, ya kurithisha. Akiingia kwako anakulazimisha uyanakili. Hiki hakina maandishi. Hakina kitu. Kinaitwa prioni."

Nilidhani ananitega. Nikamwambia mambo ya mafumbo sitaki. Akanyanyua kibuyu cha maziwa cha mfugaji mmoja. "Haya yameganda kwa nini?"

"Vijidudu."

"Wazima. Wanakula sukari ya maziwa, wanazaana. Ukichemsha wanakufa, maziwa hayagandi tena. Umenielewa? Sasa njoo huku." Dirishani kwake kulikuwa na chupa ya asali ya zamani. Chini ilikuwa imegeuka chengachenga, juu bado inatiririka. "Hii nayo inaganda. Kuna kidudu?"

"Hakuna."

"Chenga moja ilijipanga. Iliyo karibu nayo ikajipanga vilevile. Na ya karibu na hiyo. Hakuna aliyezaliwa, hakuna aliyekula. Ni asali ileile, mpangilio tu ndio umebadilika. Kichwani mwako kuna protini, kichwani mwa ngamia ipo, kwa mbuzi ipo, ni ya kawaida, imekunjwa vizuri, haina ubaya. Ikitokea moja imekunjika vibaya, ikamgusa jirani, jirani naye anakunjika vivyo hivyo. Wawili wanakuwa wanne. Zinashikana, ubongo unatoboka kama sifongo."

"Basi si upashe moto? Asali ukiipasha inarudi."

Alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Umeuliza vizuri. Asali inarudi. Hii hairudi. Moto wa jikoni hauifanyi kitu, na Jik ile ya kudeki haitoshi, inatakiwa kali sana na ikae muda mrefu, au moto wa kugeuza mfupa majivu. Mama yako alichemsha ili aue. Kufa ni kwa aliyekuwa hai, binti."

Nikauliza, ngamia anaweza kumpa mtu? Akasema hajasikia hata mtu mmoja. Ng'ombe ndio waliwahi kuwapa watu, huko nchi za mbali, ng'ombe waliokuwa wakilishwa unga wa mifupa ya wenzao. Akasema pia, na hili alilisema akinitazama machoni, kwamba ugonjwa huu hauko kwenye pumzi, hauko kwenye mkono, hauko kwenye kikombe. Ukikaa na mgonjwa, ukala naye, hupati kitu.

"Na ukiupata, unachukua muda gani kuonekana?"

"Miaka. Mingi wakati mwingine."

Mimi nilirudi nyumbani na hiyo "miaka". Ile ya kikombe sikuichukua. Ndivyo nilivyo, na sasa naliona wazi.

Maana tangu siku hiyo nimekuwa mkaguzi wa watu wote. Mama akisahau chumvi, namtazama. Mimi mwenyewe kalamu ikiniponyoka, najikagua vidole. Nimemaliza fomu foo, niko nyumbani, bando la simu ninalo, usiku na mchana nasoma habari za kutetemeka.

Mwezi uliopita nilimwona Mkaguzi dukani. Alikuwa anapokea maji ya chupa, mkono ukacheza, yakamwagika kifuani. Akajaribu kufunga kizibo, hakikukaa. Nilirudi mbio kibandani nikamwambia mama, "Mkaguzi amepata ule ugonjwa wa ngamia." Sikusema labda. Sikusema nashuku. Nilisema amepata.

Mama alikuwa amengoja neno kama hilo tangu siku ya sufuria. Hata sikumaliza kumweleza. Kufika adhuhuri alikuwa ameshamwambia muuza samaki wa kutoka Ozi, muuza samaki amemwambia wa viazi, na jioni kijana wa boda ananiuliza mimi, "Dada, umesikia ya Mkaguzi?" Kana kwamba si mimi niliyeyazaa.

Watu wakafanya wanachokijua. Msikitini pakawa na nafasi kulia na kushoto kwake. Hotelini akatengewa kikombe chenye alama ya rangi ya kucha. Mke wake ana meza ya mahamri na chai karibu na stendi, na mtu, sijui nani, alimwaga Jik kwenye benchi alilokuwa amekalia mzee.

Jana Jumanne nilikwenda kwao. Nilimwambia mama nakwenda kununua vocha. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumchunguza.

Alikuwa uani anachagua mchele kwenye ungo. Mikono inatetemeka, ndiyo, lakini vijiwe anavidaka. Mke wake akaleta kahawa, kikombe cha kwanza akaniwekea mimi.

"Ahsante, mama, nimefunga," nikasema.

Mkaguzi hakuinua kichwa. "Jumanne?"

Nikasema ndiyo.

"Watu wanafunga Jumatatu, wanafunga Alhamisi. Wewe binti umeleta dini yako." Akacheka kidogo, peke yake. Mke wake hakucheka. Alikichukua kile kikombe akarudi nacho ndani, na nilisikia anakimimina.

"Umekuja kunikagua," akasema Mkaguzi. "Basi ukague sawasawa, usikague kwa kuibia. Mnyama anakaguliwa akiwa amekaa?"

Akasimama. Akatembea mpaka kwenye ukuta wa choo, akageuka, akarudi. Kila akifika anasimama, anageuza shingo kushoto, kulia. Nilitaka ardhi inimeze. Mzee wa watu anazungushwa uani kama mbuzi, na anayemzungusha ni mimi.

"Umeona nini?"

"Unatembea vizuri. Mikono inatetemeka."

"Maana yake nini?"

"Sijui."

"Sema tena."

"Sijui, Mkaguzi."

"Haya. Hilo neno nimelifanyia kazi miaka yote na sikuona haya. Daktari wa Hola naye kasema hivyohivyo. Kasema mitetemo iko mingi, mingine ya uzee tu, mingine ina dawa. Kaniandikia barua niende Mombasa kwa wanaojua zaidi."

"Mnaenda lini?"

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni. "Safari ilikuwa itoke kwenye mahamri," akasema. "Jana nimetoka na beseni limejaa, nimerudi na beseni limejaa. Kuku wetu wamenona sana siku hizi, mwanangu."

Sikujua pa kutazama. Nikataka kusema ni watu, watu wa Garsen wana midomo. Mkaguzi akaniwahi.

"Alianza mama yako au ulianza wewe?"

"Mimi."

Akaendelea na mchele wake. "Sikulaumu kwa kushuku," akasema. "Mimi nimekula, nimevaa, nimeoa kwa kushuku. Lakini nikishuku nyama, naizuia. Inakaa hapo mpaka nijue. Nilipolegeza kwenye vichwa unajua yaliyotokea, na nayabeba mwenyewe, usiku nikiitazama mikono hii najiuliza unachojiuliza wewe. Wewe ulishuku ukapeleka sokoni."

"Nitawaambia haikuwa kweli."

"Utajuaje kwamba si kweli?" Hapo alikasirika, sauti ilipanda. "Usiniongezee uongo wa pili juu ya wa kwanza! Labda ni kweli. Labda si kweli. Na hata ikiwa kweli, je, kikombe changu kina nini? Hilo nilikwambia, na hilo hukulipeleka popote."

Mke wake akasema, "Mwache, baba, mtoto amesikia."

Nilirudi nyumbani, na leo kutwa nzima nimekuwa mkali kwa kila mtu. Mama ameniuliza kama ninaumwa. Nimemwambia siumwi, akanitazama mikono. Nikaona basi, na mama naye amekuwa mkaguzi.

Mama, ukilisoma daftari hili, maana najua unalisoma, soma na hapa. Kesho asubuhi siwashi moto wako. Nakwenda kwenye meza ya mke wa Mkaguzi kabla magari ya kwanza hayajaondoka, nakaa kwenye lile benchi, upande unaoelekea stendi. Mzee nitamwomba akae karibu yangu, na chai nitakunywa katika kikombe chake baada yake, nile na mahamri, polepole, mpaka stendi ijae. Atakayeuliza nitamjibu kwamba maneno yale ni yangu, nilisema nimejua na nilikuwa sijui, na ugonjwa wenyewe hata kama upo haukai kwenye kikombe. Muuza samaki nitamfuata mwenyewe. Wa viazi nitamfuata. Nikimaliza hao nitakuja kwako, saa ile supu imeiva na wateja wamekaa, na safari hii utaniacha nimalize.